Mashine ya Watu Wawili

Ukitaka kumtania Okech, mwambie anaishi mjini. Kitongoji chake, juu kidogo ya Matongo, kina nyumba nyingi kuliko baadhi ya mitaa ya Turwa kule mjini, na mabati yake yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Kinachokosekana ni watu tu. Ni nyumba za tegesha. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa, lakini mgeni na aelewe hivi: uvumi ulipoenea kwamba mgodi wa dhahabu utapanuka na kila mwenye jengo atalipwa fidia, watu walijenga bila kupumua. Walijenga nyumba za tofali jembamba, zisizo na msingi, zisizo na choo wala jiko, na milango wakaipigilia misumari kwa sababu hakuna aliyekusudia kuifungua. Katikati wakapanda miti iliyobanana hata kuku hapiti. Kisha wenyewe wakaenda zao kuishi kwingine, wakisubiri.

Okech hakutegesha. Si kwamba alikuwa malaika; alichelewa tu kuamini, na alipoanza kuamini, ardhi yote iliyomzunguka ilikuwa imeshajengwa. Akabaki na nyumba yake ya zamani, yenye masizi jikoni na mlango uliolegea kwa kufunguliwa, katikati ya nyumba ambazo hazijawahi kunusa moshi. Waitara, jirani yake wa miaka mingi waliyekuwa wakigombana naye juu ya mbuzi, alijenga kushoto na kulia kwake, akamhamishia Turwa mkewe Rhobi, akaondoka na mbuzi wote. Okech hakuwahi kufikiri kwamba iko siku atautamani ugomvi wa mbuzi.

Siku moja walipita vijana wa kuhesabu majengo. Mmoja akausukuma mlango wa Okech bila kubisha, akamkuta ameketi na bakuli la ugali mapajani. Kijana akaruka nyuma.

"Samahani mzee. Shikamoo. Tulidhani hakuna mtu."

"Marahaba. Karibu chakula."

Kijana akashukuru, akasema wana haraka. Okech alikuwa amemkaribisha kwa moyo wote, hata akawa ameanza kusogea ampishe nafasi. Alirudi alipokuwa, akamaliza ugali wake, na siku nzima ile kauli ya kijana haikumtoka kichwani.

Okech alikuwa Mjaluo wa Shirati, mtoto wa mvuvi. Alikuja Matongo angali kijana, miaka ile ambayo yeyote mwenye sululu aliweza kujitafutia shimo lake, na dhahabu ikamkataa waziwazi. Wenzake walitoka shimoni na mawe, yeye alitoka na kikohozi. Mwisho akaacha kuchimba, akawa anawachongea wachimbaji mipini ya sululu na nyundo. Kazi hiyo ilimfaa, maana mikono yake ilikuwa na subira kuliko yeye mwenyewe.

Mipini ya fimbo za kuvulia ilimjia kupitia kwa shemeji yake Omondi, kaka wa mkewe Abonyo, aliyeishi upande wa Kenya na kuendesha mashua kwenye kambi moja ya watalii ziwani. Wazungu walikuja pale kuvua sangara kwa fimbo, kwa kujifurahisha. Wakimpata wanapiga naye picha, kisha wanamrudisha majini. Okech, mtoto wa mvuvi, hajalielewa jambo hilo mpaka leo. Lakini mipini ya zile fimbo ilikuwa ikiharibika kwa jua na maji, na Omondi akamletea mmoja autazame. Okech aliukata kwa kisu, akaona si mti. Ni kitu kilekile cha vizibo vya chupa za mvinyo, vipande vimetobolewa katikati, vikaunganishwa kimoja baada ya kingine, kisha vikakerezwa mpaka vikawa mpini mmoja laini unaojaa kiganjani.

Vizibo vikapatikana. Binti yao wa pekee, Vivian, alikuwa ameolewa Kenyamonta, ng'ambo ya Mto Mara, na mwalimu wa serikali aitwaye Method, mtu wa Bukoba. Vivian alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli ya watalii karibu na hifadhi, akirudi kwake siku za mapumziko. Watalii wanakunywa mvinyo kama sisi tunavyokunywa chai. Vivian akaanza kumwokotea baba yake vizibo.

Ikabaki mashine. Okech hakuwa na mashine ya kukereza, ila alikuwa na drili ya umeme aliyoachiwa na mchimbaji mmoja aliyehamia Geita. Akailaza juu ya benchi, akaibana kwa mbao na mipira ya tairi isitikisike. Vizibo alivitoboa, akavipaka gundi, akavitunga kwenye chuma chembamba ambacho kwanza alikisugua kwa mshumaa ili gundi isikishike, akavikaza kwa nati huku na huku, akaviacha vikauke. Baadaye upande mmoja wa chuma uliingia kwenye mdomo wa drili, upande wa pili ukakaa kwenye beringi aliyoikaza juu ya gogo. Drili ikizunguka, vizibo vinazunguka, na Okech anavipitishia tupa, halafu msasa mkali, halafu msasa laini, mpaka kiuno cha mpini kinatokea. Ukikandamiza sana, vizibo vinaungua na kutoa harufu ya mkate uliosahauliwa motoni. Ukiwa na woga, unatimua vumbi tu.

Wa kushika drili alikuwa Abonyo. Karibu na kifyatulio cha drili ile kuna kitufe kidogo; ukikibonyeza, drili inazunguka yenyewe bila kushikwa, na mtu mmoja anaweza kufanya kazi yote. Okech alikijua tangu siku ya kwanza. Alipomwonyesha mkewe, Abonyo alikitazama kwa dharau.

"Kwa hiyo mimi nikapike?" akauliza.

Akavuta kigoda, akakaa, akashika kifyatulio mwenyewe. Hapakuwa na mjadala tena. Okech akisema punguza, alilegeza kidole. Akisema ongeza, alikaza. Na wakati wote huo alikuwa akiongea, kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, juu ya nani amefumaniwa na nani ametajirika na nani ametajirika akafumaniwa. Okech alisikia nusu kwa sababu ya kelele za drili, akaitikia yote. Omondi alikuwa akija kuchukua mipini, kambi ikawa inataka mingine. Ilikuwa miaka mizuri, na kama ilivyo kawaida ya miaka mizuri, hakuna aliyeiambia kwamba ni mizuri.

Abonyo akaugua, akafa. Sina namna ya kulisema taratibu zaidi, na Okech naye hakupewa taratibu. Alimzika nyuma ya nyumba. Ndugu wa Shirati walikaa naye siku za matanga, wakala, wakaimba, wakaondoka, na nyumba za tegesha zikabaki zinamtazama.

Vivian alipokuja tena kumwona alimkuta ameketi mbele ya benchi, vizibo viko tayari kwenye chuma, drili iko kimya.

"Sasa nani atakushikia?" akauliza.

"Hakuna," akasema Okech. Kisha akasikia mdomo wake ukiongeza, bila ruhusa yake: "Na kile kitufe kimekufa."

Vivian alivuta kigoda cha mama yake, akakaa, akashika kifyatulio. Okech akakosa nguvu ya kujisahihisha.

Ikawa desturi. Kila mwezi, katika siku zake za mapumziko ambazo zilikuwa chache, Vivian alitoa moja, akavuka Mto Mara kwa bodaboda na mfuko wa vizibo. Hakuwa mwongeaji kama mama yake. Walikaa wakikereza mpini baada ya mpini, na maneno yao yote yalikuwa "punguza" na "ongeza" na "hapo hapo". Ungewaona ungedhani wamenuniana. Lakini siku hizo Okech alikuwa akiamka mapema, anafagia mpaka kwenye kichochoro cha Waitara, anachemsha chai ya maziwa kabla ya wakati na kuichemsha tena. Alikuwa anashiba kwa kukaa tu karibu na mtu anayepumua. Vivian akishaondoka, Okech alikuwa analala bila kuona sababu ya kuwasha redio.

Kwenye simu mambo yalikuwa magumu zaidi. Okech alijua kuulizia watoto, kisha vizibo, na baada ya vizibo alikuwa hana lingine. Wanaume aliowaona utotoni Shirati hawakumwita mtoto mkubwa kuja kukaa tu. Baba anaita kwa ugonjwa, kwa msiba au kwa kazi. Vizibo vilikuwa kazi, kwa hiyo vilimfaa kabisa.

Halafu Omondi akampigia wakutane Sirari. Walikaa kwenye mgahawa karibu na mpaka, chapati mezani, na shemeji huyo akasema alichokuja kusema kwa Kiswahili chake cha kule.

"Hiyo maneno imeisha, shemeji. Wenye kempu walifunga, wakaenda. Hata mimi sina job sasa. Na hizi fimbo za siku hizi zinakuja na handle yake ya raba kutoka factory. Usitengeneze ingine, utajisumbua bure."

"Sawa," Okech akasema.

"Utaambia Vivian?"

"Nitamwambia."

Alikusudia hivyo kweli. Njia nzima ya kurudi aliyapanga maneno. Lakini alipoteremka na kuyaona yale mabati yanavyong'aa, na mlango wake peke yake wenye mtu wa kuufungua, akapiga hesabu nyepesi tu: akisema kazi imekwisha, vizibo vimekwisha; vizibo vikiisha, Vivian hana sababu ya kupanda bodaboda kuja huku. Ana mume, ana watoto, ana kazi. Atakuja Krismasi. Okech aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa shimoni. Akanyamaza.

Basi mipini ikaendelea kukerezwa. Okech alikuwa akiifunga vizuri mbele ya Vivian, akisema Omondi ataipitia. Vivian akishaondoka, aliitia kwenye gunia chini ya kitanda. Gunia likajaa, akaanza lingine. Mipini ile ilikuwa mizuri mno, nadhani mizuri kuliko ile ya wakati wa wateja, maana sasa hakuwa na haraka yoyote ya kuimaliza. Wakati mwingine alikuwa anaharibu kiuno cha mpini makusudi ili waurudie.

Siku ya mambo kuharibika, Vivian alifika akiwa amechelewa na macho yamevimba. Alimwamkia baba yake, akaweka mfuko mezani. Ulikuwa mdogo kuliko siku zote.

"Vimeadimika," akasema. "Chupa nyingi sasa zinakuja na kifuniko cha bati cha kuzungusha. Hivi nimeviombaomba kwenye hoteli za jirani, kwa wahudumu wa baa."

"Umefika mpaka huko?"

"Kwa miguu. Sasa juzi mlinzi akanipekua getini, akavikuta. Msimamizi wetu akaniita mbele ya wenzangu wote. Akaniuliza mama mzima naokota takataka za wageni za nini, ni uchawi au ni njaa. Wakacheka." Alimimina chai, asiinywe. "Kanipa onyo. Lakini usiwaze, baba. Nimewaambia ni kazi ya baba yangu, baba yangu ana wateja."

Hapo ndipo Okech alipopaswa kusema. Alilijua hilo, na nalijua mimi, na wewe unalijua. Alipanga vizibo kwenye chuma kingine kwa ajili ya mwezi ujao, akapachika kwenye drili kile kilichokwisha kauka, akapangusa beringi iliyokuwa safi.

"Washa," akasema.

Vivian akakaa, akawasha. Vizibo vikaanza kuzunguka, vumbi la rangi ya ugoro likapanda. Punguza. Ongeza. Alikuwa amechoka, na kidole kilipoanza kumfa ganzi alikibadilisha mkao, akashika drili kwa chini. Gumba lake likagusa kitufe. Kikaingia ndani.

Alipolegeza mkono, drili haikusimama. Akauondoa mkono kabisa, akauweka mapajani. Drili ikaendelea kuzunguka kwa sauti yake ileile, haina hili wala lile, na mpini ukaendelea kuzunguka, na Okech, aliyekuwa ameinama na msasa wake, akaona vidole vya binti yake viko mahali visipopaswa kuwa. Hakuthubutu kuinua uso. Aliendelea kupiga msasa sehemu moja mpaka vizibo vikaanza kunuka moto.

Vivian akainuka, akachomoa waya ukutani.

"Baba. Hiki kitufe kimepona lini?"

"Hakikuugua."

Okech akapuliza vumbi kwenye msasa, akaukunja.

"Na wateja?"

Okech alielekeza kidevu chumbani. Vivian akaingia, akasikika akivuta kitu kizito sakafuni. Magunia yakatoka nje ya mlango, moja likamwaga mipini mpaka miguuni pa benchi.

"Yote haya?"

"Kambi ilifungwa. Omondi aliniambia."

"Lini?"

"Zamani kidogo."

Vivian aliinama akaokota mpini mmoja, akaushika kama watu wanavyoushika, akaurudisha chini. Alipoongea hakupaza sauti, na Okech angependa apaze.

"Nimeitwa mwokota takataka, baba. Nikasimama pale nikasema ana wateja. Watoto wangu wananisubiri mwezi mzima, siku ninayopata nakuja kukushikia drili inayojishika. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema tu."

Okech aliyatafuta maneno. Yalikuwepo, yalikuwa machache na rahisi. Lakini alikuwa hajawahi kumsikia baba yeyote akiyatamka. Vivian alimngojea muda wa kutosha, hawezi kulaumiwa kwa hilo. Kisha akajifunga kanga yake, akaacha mfuko wa vizibo pale mezani karibu na chai iliyopoa, akatoka. Okech alisikia bodaboda ikiwaka kule barabarani, akasikia sauti yake ikififia.

Mwezi uliofuata hakuja mtu. Okech aliamka mapema siku ambayo Vivian angekuja hata hivyo, akafagia, akachemsha chai. Ilipofika mchana akajiambia asijifanye mtoto, akachukua vizibo vya mwisho vilivyokwisha kauka kwenye chuma, akavipachika, akabonyeza kitufe. Drili ikazunguka. Akafanya kazi kwa mikono miwili, akiwa huru kuzunguka benchi kadiri atakavyo, na mpini ukatoka bila kasoro, mapema kuliko mpini mwingine wowote. Aliuchomoa. Alikaa akiugeuza mikononi, na alijihisi kama mtu aliyeandaa chakula kwa ajili ya wageni waliokufa njiani.

Jioni alipiga simu.

"Habari za huko?"

"Nzuri, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto?"

"Wazima."

Hapo ndipo vilipokuwa vikikaa vizibo. Okech alisikia kuku wa Kenyamonta kwenye simu, akasikia mtu akiita jina la mtoto. Alifungua mdomo.

"Haya basi," akasema.

"Haya, baba."

Kesho yake Waitara alikuja kuangalia majengo yake. Okech aliisikia pikipiki, akavaa ndala upesi, akatoka karibu anakimbia, na kichwani ameshaweka chai jikoni, ameshamwuliza habari za Rhobi, ameshamkumbusha wale mbuzi. Waitara hakuzima pikipiki. Alitupa macho juu ya mabati yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Bado upo, mzee mwenzangu?"

"Nipo."

"Vizuri. Unatulindia majengo."

Akageuza, akaenda. Hakuwa na ubaya wowote, ni utani wake wa siku zote. Lakini Okech alibaki amesimama pale kwenye vumbi la pikipiki, na mara moja akajiona kama wanavyomwona wao: mtu aliyewekwa ili nyumba zisiibiwe. Hasira ikampanda, na haikuwa kwa Waitara. Alijikasirikia kwa kila "haya basi" aliyowahi kusema maishani.

Siku ya mapumziko ya Vivian ilipofika, Okech alitoa sandukuni koti lake jeusi. Lilikuwa koti la pekee la heshima alilokuwa nalo, na alilivaa kanisani siku kubwa na kwenye misiba. Akavaa kofia, akafunga mlango, akatembea mpaka barabarani. Dereva wa bodaboda alipomwona alishusha sauti.

"Pole, mzee. Msiba uko wapi?"

"Kenyamonta," akasema Okech, akiwa anamtajia anakokwenda tu, na alipogundua alivyoeleweka walikuwa wameshaondoka.

Sasa ni lazima nieleze alichokuwa anakifanya, maana wengine watakiona kitu kidogo. Kwa Wajaluo waliomlea Okech, mzazi haendi hivi hivi kwa binti yake aliyeolewa. Anaalikwa, anaandamana na watu, kuna shughuli; na kulala chini ya paa la mkwewe ni mwiko kabisa. Tangu Vivian aolewe, Okech alikuwa amekanyaga ua ule mara moja tu, kwa mwaliko, katikati ya wazee wengine. Mzazi akitokea peke yake, bila kuitwa, watu wanajua amebeba habari isiyofaa kusemwa kwenye simu. Walipovuka daraja la Mara, maji yakiwa mekundu chini yao, alikaribia kumgusa dereva begani amwambie ageuze. Hakumgusa. Alikuwa anarudia kwa midomo maneno aliyoyapanga, marefu, yenye samahani mwanzoni na samahani mwishoni.

Vivian alikuwa uani amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Aliona bodaboda ikisimama, akaona koti jeusi likishuka, na mahindi yakamtoka mikononi. Alikuja mbio mpaka katikati ya ua, akasimama ghafla kama anayeogopa kufika.

"Baba. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Mjomba Omondi?"

"Omondi mzima."

"Wewe basi. Unaumwa nini?"

"Siumwi, nyara." Neno hilo la Kijaluo, maana yake binti yangu, alikuwa hajalitumia tangu Vivian awe msichana mdogo.

"Niambie tu, baba. Nimeshajikaza."

"Hakuna aliyekufa. Hakuna kitu."

"Sasa umefuata nini? Vizibo sina."

Maneno marefu yote yalikuwa yamebaki darajani. Okech alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili kifuani. Dereva wa bodaboda alikuwa bado pale nyuma anasikiliza, na Okech hakujali.

"Sikufuata vizibo. Nimekuja kukaa na wewe. Kule nyumbani hakuna mtu, Vivian. Naogopa pale peke yangu."

Vivian akaenda ukutani, akaleta kiti cha kamba, akakiweka kivulini, akamshika baba yake kiwiko, akamkalisha, akaingia ndani. Dirisha lilikuwa wazi. Okech alisikia karatasi zikisukumwa, akasikia sauti ya mkwewe Method, aliyekuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Si ni baba yule? Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki," Vivian akasema. "Amekuja tu."

Mwalimu yule alikuwa mtu wa mbali, lakini alikuwa ameoa huku siku nyingi, na alijua ni jambo zito mzee wa Kijaluo kuja tu. Halafu Okech akamsikia binti yake akilia. Alikuwa analia kwa sauti, bila kujizuia, kilio kile walicholia pamoja siku walipomzika Abonyo, mpaka mama mmoja jirani akatoka nje kwake na kuanza kujifunga kanga aje kutoa pole. Okech akampungia mkono kumwambia si msiba, kisha akaiweka kofia gotini, akakaa kumsubiri Vivian amalize.